Mwambie Huyo wa Mlango wa Pili

Wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mnaoamka mapema kwenda kwenye majengo, kaeni kidogo niwasimulie habari ya nyumba moja. Sitawaficha, ni nyumba yangu. Ningeweza kuisimulia kana kwamba ni ya jirani, lakini mambo ya jirani mtu huyasikiliza huku akiwaza yake.

Uani kwetu kuna milango miwili inayotazamana, na katikati bomba la maji. Mlango wa kwanza anakaa mwanangu mkubwa na mkewe. Wa pili anakaa mdogo wake na mkewe na watoto wawili. Mimi nina chumba changu pembeni, na dirisha langu linaiona milango yote miwili.

Kila Jumapili ya pili, tangu mdogo akiwa na miaka saba, mkubwa ndiye aliyekuwa akimnyoa. Zamani kwa mkasi, baadaye kwa mashine. Anamketisha kwenye stuli karibu na bomba, anamfunga taulo shingoni, nywele zinamwangukia magotini, na wanataniana tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Kichwa chako kina kona," mkubwa humwambia. "Ulijipima mwenyewe?"

"Nyoa taratibu bwana," mdogo hujibu. "Hilo si zege la kusawazisha kwa koleo."

Mimi nilikuwa pale naosha vyombo, nawasikiliza, na moyoni nikiona sina ninachoidai dunia.

Wote wawili walikuwa wakijenga hospitali: ghorofa saba, majengo mawili yanayotazamana. Mkubwa alikuwa msimamizi wa watu wa zege, na kazini walimwita hivyo hivyo, Zege. Mdogo aliwaongoza maseremala, wale wanaofunga mbao na kusimamisha mirunda, yaani nguzo za kuzitegemeza, chini yake ili zege likimwagwa lishikwe mpaka likomae. Kwa kuwa alipima kila kitu mara tatu, wakamwita Milimita. Hawakuwa wa kampuni moja. Zege alikuwa wa mkandarasi mkuu, na Milimita wa kampuni iliyokodiwa kwa ajili ya mbao tu. Kazi kubwa ndivyo zilivyo: huyu anamaliza, yule anapokea, na wa tatu yuko nyuma yao anasubiri.

Kwa hiyo palikuwa na daftari. Lilikuwa na jalada gumu la buluu, na lilikaa kwa mama mtunza stoo. Aliyemaliza kazi aliandika amemaliza nini, wapi na siku gani. Kisha, na hili ndilo lililokuwa zuri, alimchukua mwenzake wakaenda wote mpaka mahali penyewe, akamwonyesha kwa mkono: hapa pamekwisha, pale bado, hapa uwe mwangalifu. Baada ya hapo ndipo wote wawili walitia saini. Wenyewe waliita kutembezana. Wanangu walikuwa hodari wa kutembezana. Mtunza stoo aliniambia walikuwa wakirudi wamechafuka mpaka kope, na bado wanabishana nani anapumua kwa nguvu zaidi kwenye ngazi.

Ugomvi wao ulianza kwa jambo dogo, nami naona haya hata kulitaja. Ukuta mmoja wa chini ulivimba. Mbao zilipobanduliwa, ukuta ulikuwa na tumbo. Katika kikao cha Jumatatu, mbele ya watu wote, Zege alisema mbao zilifungwa na mtu anayesinzia. Milimita akajibu kwamba zege lilimwagwa na mtu anayekimbizwa. Watu wakacheka. Kufikia mchana ukuta ule ulikwishapewa jina, Mjamzito, na kila aliyepita aliuliza atajifungua lini. Milimita aliamini moja kwa moja kwamba kaka yake ndiye aliyelitunga jina lile ili amchekeshee watu. Haikuwa kweli. Alilitunga fundi mmoja wa nondo, tena bila nia mbaya.

Injinia alipopima alikuta wote wawili wamekosea: mbao zilikosa kabari, na zege lilimwagwa kwa pupa. Lakini jibu hilo lilikuja baada ya wiki, na ndani ya wiki ile walikuwa wameshaacha kusemezana.

Nyumbani nikaanza kusikia, "Mama, mwambie huyo wa mlango wa pili afunge bomba." Na huyo wa mlango wa pili yuko pale pale, ndoo mkononi. Basi nageuka, nasema, "Kaka yako anaomba ufunge bomba." Naye ananijibu mimi, "Mama, mwambie nimesikia." Kama ingekuwa ya siku moja tungecheka. Ilichukua miezi minne. Jumapili za kunyoana zikakoma. Nywele za Milimita zikawa nyingi mpaka helmeti ikakataa kukaa, akaenda kwa kinyozi wa barabarani, akarudi na kichwa kama kilichotafunwa na mbuzi. Mkubwa alimwona kupitia mlangoni kwake. Nilimwona akiuma mdomo asicheke. Na mimi, badala ya kumshika mkono nimvute mpaka uani acheke mbele ya mwenzake, nikaendelea kupita katikati na maneno yangu.

Na maneno yangu yalikuwa ya sukari. Hapa ndipo penye kosa langu, nami naomba mlisikilize vizuri, hasa ninyi akina mama. Mkubwa akisema, "Mwambie huyo mjuaji aondoe matofali yake njiani," mimi nilifikisha hivi: "Kaka yako anauliza kama matofali yanaweza kusogezwa kidogo." Mdogo akisema, "Mwambie asinipangie," mimi nilifikisha, "Mdogo wako amesema sawa." Mwisho nikaanza kupeleka hata yasiyosemwa. Asubuhi moja ya baridi nililitwaa koti la mkubwa nikampa mdogo, nikasema, "Kaka yako amesema ulivae." Akalivaa, macho yakamlainika. Jioni alisikia kaka yake, ndani kwake, akimwuliza mkewe koti limepotelea wapi. Akanirudishia limekunjwa vizuri. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ahsante, Mama. Ila usinitungie." Niliona haya, lakini sikuacha.

Yale ya kazini nilikuja kuyajua baadaye, mtunza stoo aliponikaribisha chai na kunieleza moja baada ya jingine. Kule nako walikuwa na mtu wa katikati, na mtu huyo alikuwa yeye. Daftari aliliandika mmoja, yeye akalibeba, mwingine akatia saini kwenye banda lake. Kutembezana kukafa. Mama yule alikwenda kwa injinia akamwambia kwamba hawa wawili hawasemezani, naye anaogopa. Injinia alikuwa na simu mbili masikioni. Alimwuliza, "Saini zipo?" Akasema zipo. "Basi. Mimi sikuajiri watu wapendane."

Sasa ikafika zamu ya sakafu ya ghorofa ya tatu. Ilianza kumwagwa siku ya Jumanne. Milimita na watu wake walikuwa wameshahamia jengo la pili, kwa hiyo hawakuwepo. Saa sita mchana mtunza stoo alipita na daftari, kwa kuwa kesho yake alikuwa anaanza likizo na alitaka aliache limekaa sawa. Kazi ilikuwa imebaki kidogo. Zege akaandika: sakafu ya tatu, yote, Jumanne. Akatia saini. Daftari likapelekwa kwenye banda la maseremala. Haikupita saa moja, pampu ya zege ikafa. Kona ya ngazi ikabaki wazi, nondo zinaonekana. Kifaa cha pampu kilisubiriwa siku nyingi, na kona ile ikaja kumwagwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Amri ya injinia ilikuwa kwamba mirunda ikae siku kumi na nne tangu kumwagwa, ndipo iondolewe. Hesabu hiyo ilifuatwa kwa daftari. Na ukiwa chini ya sakafu huoni zege, unaona mbao tu. Kona changa na kona iliyokomaa zinafanana.

Zege alijua daftari lina kosa. Kulisahihisha kulitaka kitu kimoja: aingie kwenye banda la mdogo wake, aseme, "Nipe daftari, niliandika vibaya." Ni mwendo wa dakika tatu. Akasema ataenda kesho. Kesho nayo akasema kesho. Mwishowe, Jumapili, akaja dirishani kwangu.

"Mama, mwambie huyo wa mlango wa pili, kona ya ngazi kule ghorofa ya tatu tumeimwaga Alhamisi hii iliyopita. Mirunda ya pale asiiguse."

Nikamwambia mlango wenyewe si ule pale, hatua kumi, na mwenyewe yumo ndani.

Akautazama. "Nikienda atasema nimekuja kumfundisha kazi. Mwambie wewe. Lakini usisahau, Mama. Ni jambo kubwa."

Sikusahau. Laiti ningesahau, pengine leo ningejisamehe kwa kusema ni uzee. Mchana huo huo nilimkuta Milimita mlangoni kwake anapiga msasa mguu wa stuli.

"Kaka yako amesema kona ya ngazi, ghorofa ya tatu, bado changa. Mirunda yake usiiguse."

Akapuliza vumbi la mbao, akatabasamu. "Na koti je, Mama? Amesema nilivae tena?"

"Hili amelisema kweli."

"Daftari ninalo mimi. Kaandika kwa mkono wake: sakafu yote, Jumanne. Angekuwa na neno, angeliandika." Akanishika mkono, wa kwake ukiwa na vumbi jeupe. "Najua unachofanya. Umemsikia akiongea kazi na mkewe, ukaona upate la kutusogeza karibu. Usihangaike. Yataisha yenyewe."

Nami nikacheka. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimezoea kukamatwa, na aliponikamata pasipo kosa sikujua uso wa kuvaa. Kicheko kile ndicho kilichomthibitishia. Ningelia, angeniamini. Ningemvuta mpaka mlango wa kwanza, wangekasirikiana mbele yangu na sakafu ingebaki na mirunda yake.

Jioni mkubwa akauliza, "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Amesikia."

Mmeona? Hata hapo nilitia sukari. Sikutaka asikie kwamba mdogo wake hakuamini. Niliona nitamwumiza.

Jumanne asubuhi injinia alitia saini ruhusa ya kuondoa mirunda. Alitazama daftari, akahesabu siku, zikatimia, akaenda kwenye kikao kingine. Zege alikuwa getini akipokea magari. Kichwani mwake hakukuwa na wasiwasi wowote, kwani mama yake alimwambia ujumbe umefika.

Maseremala walianza upande wa mbali wakaja taratibu kuelekea kwenye ngazi. Juu ya kona ile watu wengine, ambao nao hawakuambiwa na mtu, walikuwa wamepanga matofali. Milimita alikuwa na desturi moja. Mirunda ya mwisho aliipiga mwenyewe. Siku zote aliwatoa vijana wake kwanza, akisema waende wakanywe chai, bosi atamalizia. Siku ile pia aliwatoa. Watu kumi na mmoja walitoka chini ya sakafu ile wakiwa wazima, na wake zao mpaka leo hunisalimia kwa kuinama kuliko ninavyostahili.

Aligonga mrunda wa kwanza wa ile kona, ukatoka. Akagonga wa pili.

Sitaeleza sauti ya kona ile ikianguka. Mkubwa aliisikia akiwa getini, akajua ni wapi, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyejua pa kuogopa. Walioshuhudia wanasema alikimbia bila helmeti, akaingia kwenye vumbi akiita "Mdogo wangu, mdogo wangu," jina ambalo hakuwa amelitaja kwa miezi minne, na akayaondoa matofali kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Yule fundi wa nondo aliyeupa ukuta jina ndiye aliyevua shati lake akafunga mapaja ya mwanangu damu isiishe. Dereva wa gari la zege alimwaga mzigo wote njiani ili ampeleke hospitali. Wala haikuwa karibu. Hospitali iliyokuwa karibu ndiyo ile waliyokuwa wakiijenga.

Nilipofika kule mbali walikuwa wameshamkata miguu yote miwili, juu ya magoti. Mfagiaji wa pale alinipa kiti chake, yeye akafanya kazi amesimama zamu nzima. Sikumuuliza hata ametoka wapi, na huwa nasikitika.

Siku ya nne Milimita alifungua macho vizuri. Kaka yake alikuwa ameketi kitandani upande wa chini, pale penye nafasi. Nilidhani watalia, au watalaumiana. Milimita akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani ulimwambia Mama kweli?"

"Nilimwambia."

Akageuza kichwa kwenye mto mpaka akaniona. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

"Nilidhani ni maneno yako, Mama."



Baadaye wakubwa walikaa kikao. Kampuni zote mbili zilileta karatasi zao, na karatasi zilikuwa safi. Saini zote zilikuwepo, tarehe zote zilikuwepo. Mkubwa alifukuzwa kazi, naye hakujitetea. Injinia alihamishiwa jengo jingine, nasikia na huko ana simu mbili. Mtunza stoo aliacha kazi mwenyewe. Alikuja kuniomba radhi kwa kwenda likizo, na nilipomwambia hana kosa alilia kuliko mimi. Hospitali ilikamilika. Kona ya ngazi ilijengwa upya, na watu hupanda pale kwenda kuona wagonjwa wao bila kujua.

Wanangu wanasemezana sasa. Wanasemezana kutwa nzima, kwa kuwa wote wawili wako nyumbani. Kila Jumapili ya pili mkubwa anamwinua mdogo wake, anamkalisha kwenye ile stuli karibu na bomba, anamfunga taulo shingoni, na mashine inaanza kunguruma. Utani umerudi, mwembamba kidogo. Mimi naosha vyombo na sithubutu kuinua uso. Maana nywele zinaanguka moja kwa moja mpaka chini, pale ambapo zamani zilikuwa zikiangukia magoti yake.

FUNZO

Ninyi mnaopokezana kazi, iwe ya zege, ya mbao, ya mgonjwa au ya mtoto mchanga: saini haijamwonyesha mtu kitu. Nenda naye mpaka mahali penyewe, mwonyeshe kwa mkono wako, msikie akisema kwa mdomo wake alichoelewa. Kama mmenuniana, nuneni, lakini nendeni wote wawili. Kununa kwenu kuna watu chini yake.

Wewe uliyeandika vibaya, karekebishe leo. Aibu ya kuingia kwenye banda la mwenzako ni ya dakika tatu. Mwanangu mkubwa anazilipa dakika zile kila Jumapili ya pili.

Wewe mkubwa wa kazi, ukiambiwa watu wako hawasemezani, hiyo ni habari ya kazi. Usiulize saini.

Na wewe mama, au dada, au rafiki mwema unayekaa katikati ya waliogombana, nakuomba kwa machozi. Usiwe njia yao. Nilidhani naushikilia udugu wao usianguke, kumbe nilikuwa nawapa nafasi ya kuishi bila kusemezana. Na ukilazimika kufikisha neno, lifikishe lilivyo, hata kama lina miiba. Ukilitia sukari mara kumi, la kumi na moja likiwa la kuokoa roho, halitaaminika.

Juzi mjukuu wangu alikuja amevimba mashavu. "Bibi, mwambie huyu anirudishie kalamu yangu." Na huyu, ndugu yake, alikuwa amesimama pale pale, kalamu nyuma ya mgongo. Nikamvuta mjukuu wangu nikampangusa uso, kisha nikamgeuza amtazame mwenzake.

"Yuko hapo," nikasema. "Mwambie mwenyewe."

Nikaketi, nikangoja mpaka akasema.